Wifi Yangu na Tambi Zisizooshwa

Wifi yangu hajui kukaa. Sisemi kwa ubaya, ingawa na ubaya nitausema mbele ya safari, maana wifi asipomsema wifi yake, nani atamsema? Mpe kiti, atakipangusa kwanza. Mpe chai, atainuka nayo mkononi kwenda kuangalia kwa nini bomba lako linadondosha maji. Hata msibani, wenzake wameshika tama, yeye utamkuta uani anasuuza vikombe ambavyo vimeshasuuzwa. Kazini tulimwita Pirika, na jina likamfuata mpaka nyumbani. Kaka yangu, ambaye ndiye mume wake, analitumia siku akiwa na furaha naye.

Nasema tulimwita kwa sababu tunafanya kazi mahali pamoja. Kiwanda chetu kinasafisha mafuta ghafi. Mimi niko kantini, napika na kugawa chakula, na kila ninachojua kuhusu mitambo nimekisikia kwa walaji, maana mlaji akishiba hana siri. Pirika yeye yuko kule nyuma kabisa, kwenye maji machafu.

Watu wanadhani kiwanda cha mafuta kinatoa mafuta tu. Kinatoa na maji, tena mengi: ya kupozea mitambo, ya kuoshea matangi, ya kutolea chumvi kwenye mafuta ghafi. Yanatoka yananuka petroli iliyochanganywa na yai bovu. Kwanza yanapita kwenye shimo refu, mafuta yanaelea juu, yanaenguliwa. Halafu yanapulizwa mapovu, yanapungua tena. Yanayobaki ni meupe kama maji yaliyooshewa mchele, na ndani yake mafuta yamekatikakatika matone madogo mno, hata kuelea hayawezi. Hayo hayatoki ila kwa kuchujwa. Chujio lenyewe ni nyuzi nyembamba zenye uwazi katikati na vitundu visivyoonekana kwa macho, zimefungwa mafungu mafungu ndani ya mapipa marefu yaliyosimamishwa. Wataalamu wanaziita tando. Sisi tuliziita tambi, na ukiziona utatuunga mkono.

Tabu ya tambi ni kwamba mafuta yanazipenda. Yanazing'ang'ania, yanaziba vitundu, presha inapanda, pampu inaanza kulia. Kwa hiyo zilikuwa zinaoshwa kila zamu: soda kali, halafu klorini, halafu maji mengi, na watu wamevaa glavu mpaka viwikoni. Pirika alikuwa kiongozi wa waoshaji. Kule walikuwa na desturi yao, kwamba hakuna anayekabidhi zamu kabla tambi hazijaoga. Hawakusema kuoshwa, walisema kuoga. Ukikabidhi tambi chafu, mwenzako hakuambii kitu, anakutazama tu, na habari zako zinafika kantini kabla hujafika wewe. Pirika hakuwahi kukabidhi uchafu. Alikuwa anatoka zamu mabega yamemlegea, mikono inanuka klorini, na roho yake imetulia kama ya mtu aliyeshiba. Ndiyo saa pekee niliyowahi kumwona hivyo.

Sasa kaka yangu. Kaka ni kinyozi. Siku moja mchana, yuko dukani peke yake, kiharusi kikampiga. Alipona, mdomo ukarudi mahali pake, mguu ukarudi, lakini mkono wa kulia ukabaki mzito, vidole vinachelewa kusikia. Mtaalamu wa mazoezi pale hospitali aliwakalisha wote wawili akawaambia wazi: mkono huu utarudi ukitumika, na usipotumika utasahau kazi, usahau moja kwa moja. Mwacheni afanye kila kitu mwenyewe. Atamwaga, ataangusha, atachelewa. Mwacheni. Kaka alilichukua neno hilo kama lilivyo, maana kinyozi asiye na mkono ni nini? Akaweka moyo wake wote kwenye mkono ule. Alichotaka tu duniani ni kushika mashine ya kunyolea tena.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Pirika alikuwa anarudi nyumbani amechoka hoi, hana nguvu za kuingilia mambo ya mtu. Kaka alikuwa anamwaga chai yake kwa raha, anaokota kijiko chake, anakiangusha, anakiokota. Tambi zile chafu ndizo zilizokuwa zinamkinga kaka yangu, ila wakati huo hakuna aliyelijua hilo.

Ndipo akaja mkemia. Binti mwembamba, miwani mikubwa, sauti ya chini ambayo inakulazimu kuinama umsikie. Alitoka maabara na masanduku ya tambi mpya za kujaribu, na kwa kutazama hazikuwa na tofauti na zile za zamani. Tofauti, alinieleza akiwa anasubiri chakula, ni koti. Kila uzi umepakwa dawa inayopenda maji kuliko kitu kingine chochote. Ukiulowesha, unashika maji kwa nje, safu nyembamba kabisa, na mafuta yakifika yanakuta maji yameshakaa. Hayapati pa kushika. Yanateleza, yanaondoka na mkondo. Mtambo wenyewe unasukuma maji safi kinyumenyume kila baada ya muda, na hilo linatosha. Soda kali marufuku, klorini marufuku, kwa sababu zinalivua koti. Nikamuuliza, na waoshaji je? Akasema watapangiwa kazi nyingine, na macho yake yakashuka kwenye sahani.

Alimwambia Pirika mbele ya waoshaji wote: msizioshe, hata mkiziona chafu. Pirika akaitikia, na naamini aliitikia kwa moyo mweupe. Lakini zamu ikafika mwisho, mwenzake yuko mlangoni anavaa buti, presha imepanda kidogo, na tambi hazijaoga. Wifi yangu akaziogesha. Soda kiduchu tu, alisema baadaye, kiasi cha kutoa aibu. Kesho yake akatia kiduchu kingine. Waoshaji wa zamu nyingine wakaona kiongozi anaosha, nao wakaosha, na wao mkono wao haukuwa wa kiduchu. Haikuchukua muda mafuta yakawa yamezing'ang'ania tambi mpya kuliko yalivyozing'ang'ania zile za zamani, na pampu ikawa inalia mpaka tunaisikia kantini.

Mkemia akafungua pipa, akachomoa nyuzi, akaenda nazo maabara, akarudi uso umemshuka. Koti lilikuwa limekwisha. Meneja akawakusanya, akauliza ni nani. Wenzake wote wakajitia hamnazo, mmoja anatazama dari, mwingine anakuna shingo. Pirika hakuzunguka.

"Ni mimi," akasema. "Nisingeweza kumwachia mwenzangu uchafu."

Meneja alitaka apelekwe stoo siku hiyo hiyo. Mkemia akakataa. Alisema, kwa sauti yake ile ile ya chini, kwamba waoshaji wote wanamtazama huyu mama. Akiondolewa, wataendelea kuosha kwa kificho. Akibaki na asioshe, hakuna atakayethubutu kugusa soda. Zilikuwa zimebaki tambi za kujaza mapipa mara moja tu. Zikiharibika hizo, jaribio limekufa, na maji yaliyochujwa nusunusu yataendelea kwenda kwenye bwawa la taka la nyuma kama zamani. Basi kikaletwa kiti cha plastiki, kikawekwa mbele ya mapipa, usawa wa geji ya presha, na kazi ya wifi yangu ikawa kukaa.

Nilikwenda kumwona, na kisingizio changu kilikuwa birika la chai. Jamani. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, magoti pamoja, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari wa meno. Mshale wa geji unapanda, na yeye anapanda. Anajikumbuka, anakaa. Nikamuuliza hali, akasema nzuri, huku jicho liko kwenye mshale. Mtambo ukasukuma maji kinyumenyume, mshale ukashuka wenyewe, na Pirika akashusha pumzi kama mtu aliyeokolewa kisimani. Halafu ukaanza kupanda tena.

Siku zilizofuata alikipangusa kile kiti mpaka kikang'aa. Alipangusa vishikio vya ngazi mpaka rangi ikaanza kubanduka, wakamficha matambara. Akafagia uwanja wa nyuma, ambao ni changarawe tupu. Wakaficha na fagio. Akakata kucha zake, akazimaliza, akaanza kutazama za wenzake, na watu wakawa wanapita mbali wameficha mikono mifukoni. Kantini tulicheka mpaka mbavu zikatuuma. Lakini nitampa haki yake: tambi hakuzigusa. Zamu ilikuwa inaisha, anamkabidhi mwenzake mapipa ambayo hayajaoga, anamtazama usoni kwa aibu kubwa, na anaondoka.

Hapo mpenda hadithi nzuri angeniambia, basi wifi yako akapata funzo, akarudi nyumbani akamwacha na mume wake. Sivyo hata kidogo. Mikono ile iliyozoea kusugua mapipa mchana kutwa sasa ilikuwa inarudi nyumbani mibichi, haijachoka, inatafuta kazi. Na nyumbani kulikuwa na nini? Kulikuwa na kaka yangu.

Alianza kumkatia chakula vipande vidogo. Halafu akawa anamlisha. Kaka akinyoosha mkono kuchukua glasi, glasi imeshafika mdomoni. Mtaalamu alikuwa amempa mpira laini wa kuminya, kila siku aminye mwenyewe, na Pirika akaona anaminya taratibu mno. Basi akawa anavikunja vidole vya kaka juu ya mpira, anaweka mkono wake juu, na kuminya yeye. Mpira ulikuwa unaminywa kwelikweli, ila na mtu ambaye hakuwa mgonjwa. Kaka akilalamika, anaambiwa pole na anaminywa tena. Mwisho akamnyoa ndevu. Alimkuta mbele ya kioo ameshika wembe, mkono unatetemeka, povu limejaa shavuni, akamnyang'anya wembe akamnyoa. Kinyozi. Mtu ambaye nusu ya wanaume wa mtaa ule wamepita chini ya mkono wake.

Kaka alikuja kwangu mchana wa siku ya mapumziko, begi liko bega la kushoto, shavu limenyolewa vizuri kuliko nilivyowahi kuliona. Hakukaa kwanza. Alisimama pale pale mlangoni akasema:

"Mdogo wangu, mkono huu utafia mle ndani. Sirudi mpaka mke wangu ajue kukaa."

Nikampa chumba cha mwanangu aliyeko masomoni. Na hasira zikanipanda, siwafichi. Mimi ndiye niliyemtambulisha Pirika kwa kaka yangu, na siku zote nimemtania, wifi gani huyu anapangusa hata kivuli chake. Siku ile utani uliniisha. Nilimwona ni mtu anayemfukia mume wake angali hai, kidogo kidogo, kwa mapenzi.

Nilimsubiri kantini. Walaji walipopungua nikamwita kwenye meza ya pembeni nikampa za uso. Nikamwambia mumewe hana ugonjwa sasa, ugonjwa wake ni yeye mkewe. Nikamwambia kama anaweza kukaa mbele ya mapipa kutwa nzima asiyaguse, anashindwaje kukaa mbele ya mtu? Alinisikiliza kichwa kimeinama. Aliponijibu, hakuwa na ubishi wowote.

"Wifi, siku ile anaanguka mimi nilikuwa nasugua tambi. Alilala chini pale dukani mpaka mteja akaingia. Nikikaa bila kumshika, naona ndiyo anaanguka tena."

Mimi nikibanwa huwa nasema lolote. Nikamuuliza, kwa hiyo atamshika mpaka lini? Akasema hajui. Akainua kikombe chake, akapangusa meza chini yake kwa kiganja, akakirudisha. Niliona machozi yamemlengalenga na nikaogopa, kwa sababu Pirika nimemwona akifanya kila kitu isipokuwa kulia.

Tukapatana. Siku yake ya mapumziko aje kwangu, akae na mumewe, wanywe chai, na asimguse. Akiweza, kaka atafikiria kurudi. Akishindwa, basi.

Kwangu kaka alikuwa huru, hilo mjue. Mimi simgusi mtu. Labda asubuhi nilikuwa namkatia mkate, kwa sababu nachelewa kazini. Na vile vifungo vya juu vya shati, vigumu vile, ambavyo hata mwenye mikono yote miwili anahangaika navyo, nilikuwa namsaidia mara moja moja. Hiyo si kumshika mtu. Hiyo ni haraka tu.

Pirika akaja. Alikuja na mashati yamepigwa pasi, na sufuria imefungwa kitambaa, na dawa ya kuchua, na soksi mpya. Nikampokonya vyote mlangoni nikaviweka chumbani kwangu. Akakaa. Kaka akakaa mbele yake, meza katikati, wamekuwa kama watu wanaojuana kwa mbali. Wakaulizana habari za nyumba, za majirani. Nikaanza kuwa na matumaini. Halafu kaka akanyoosha mkono wa kulia kuchukua birika. Alilishika, akaliinua kidogo, likayumba, chai ikamwagika kwenye kitambaa cha meza na kidogo kwenye paja lake. Haikuwa ya moto. Pirika alikuwa ameshavuka meza. Sijui alipita wapi. Birika liko mkononi mwake, kitambaa kiko mkononi mwake, paja la kaka linapanguswa, chai inamiminwa, sukari inakorogwa.

Kaka alikitazama kikombe kimeshakorogwa. Aliinuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Akazungumzia humo humo ndani, kwa sauti ya kawaida kabisa, na mimi hiyo ndiyo iliyoniumiza. Alisema nyuma ya duka lake kuna chumba kinapangishwa. Ameshazungumza na mwenye nyumba. Mwisho wa mwezi atahamia huko, akae peke yake, na amwachie mke wake nyumba.

Pirika alibaki na kitambaa mkononi. Kisha akakaa. Alikaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta, na kwa mara ya kwanza nilimwona wifi yangu amekaa bila kuambiwa. Nilitaka kumfokea, nikashindwa. Nikakaa na mimi.

Kule kiwandani, katika siku hizo hizo, tambi zikafaulu. Maji yalikuwa yanaingia meupe na kutoka safi hata unaona kitako cha ndoo, na vipimo vya maabara vikasema hivyo hivyo, tena na tena. Wakayaunganisha yarudi kwenye minara ya kupozea, badala ya kwenda bwawani. Mapipa ya soda yakapakiwa kwenye lori. Waoshaji wakagawanywa, wengine kupaka rangi, wengine kwenye pampu, mmoja akaja kwangu kantini na bado anasugua masufuria kana kwamba amekabidhiwa zamu. Pirika akaachwa kule kule na kiti chake, awe mwangalizi wa tambi. Watu walimpongeza. Alipokea pongezi huku mawazo yako mbali, maana mwisho wa mwezi ulikuwa unasogea.

Siku mkemia alipokuja kuaga, alikaa na Pirika kwenye meza iliyo karibu na dirisha langu la kugawia. Sikuwa nasikiliza, ila dirisha ni dirisha. Walizungumza mambo ya presha na maji, kisha wifi yangu akamuuliza swali ambalo nadhani lilikuwa limemkaa muda mrefu. Alitaka kujua yeye mwenyewe mkemia, mshale ukipanda, na kazi yake ya miaka mingi iko mle ndani ya pipa, anautulizaje moyo.

"Hautulii, mama," binti akamjibu. "Natoka jasho mpaka mgongoni. Ila sigusi."

Pirika alimtazama sana. Mimi nilikuwa na upawa mkononi na foleni mbele yangu, na hata hivyo niliona uso wake ulivyobadilika. Muda wote huo, nadhani, alikuwa anangoja siku ambayo roho yake itatulia, ndipo aweze kukaa kama watu wengine. Kumbe hata yule wa miwani, mwenye sauti ya chini, ndani kwake ni patashika tupu. Walaji wangu wakaanza kugonga sahani. Nikarudi kwenye kazi yangu.

Mwisho wa mwezi kaka alikuwa ameshafunga begi. Pirika akaja bila kualikwa. Mikono mitupu, hana sufuria, hana shati, hana hata mkoba. Akasalimia, akakaa kwenye kiti, na kabla kaka hajasema kitu, akaiingiza mikono yake chini ya mapaja na kuikalia.

Kaka alimtazama, kisha akachukua birika. Sasa nilijua anafanya makusudi, maana hakuwa na kiu, alikuwa amekunywa muda huo huo. Akaliinua kwa mkono wa kulia. Likayumba. Chai ikaingia kikombeni, nyingine ikaingia kwenye kisahani, nyingine ikatiririka mezani ikaelekea ukingoni, ikaanza kudondoka sakafuni. Pirika ameuma meno mpaka mishipa ya shingo imesimama. Jasho linamtoka puani. Goti linacheza. Mimi mwenyewe mkono ulishafika kwenye kitambaa, nikaurudisha. Kaka akachukua kijiko, kikaanguka, akakiokota, akakoroga, akanywa. Taratibu, mpaka chini.

"Umeikalia mikono?" akauliza.

"Nimeikalia."

"Inakuuma?"

"Inaniuma sana."

Kaka akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu augue. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini, na Pirika naye akacheka, huku bado ameikalia ile mikono kama mtu aliyeambiwa akiitoa kutatokea balaa. Kisha kaka akasema mwenye nyumba yule atapata mpangaji mwingine. "Twende nyumbani, Pirika," akasema.

Nikawasindikiza, tukaishika barabara kubwa. Kaka alibeba begi mwenyewe, bega la kushoto. Barabara ile haina njia ya waenda kwa miguu, malori yanapita yanakupulizia vumbi, pikipiki zinakukata mbele na nyuma, na sisi tunakwenda mwendo wa kaka. Kabla hatujafika mbali, kamba ya kiatu chake ikafunguka. Akaona. Akaweka begi chini, akapiga goti pale pale ukingoni mwa lami, akaanza kufunga.

Vidole vya kulia vilikuwa vinaikosa kamba. Anaishika, inamponyoka, anaishika. Dereva wa lori akapiga honi ndefu. Mtu wa mkokoteni akatuzunguka, akamtazama Pirika kwa jicho la huyu mama hana huruma, akatamka kabisa kwamba siku hizi wanawake hata mume mgonjwa hawamwinamii. Wifi yangu hakumjibu. Kaka akatengeneza kitanzi, kikafumuka. Honi nyingine. Mimi roho ilikuwa juu, nikasema moyoni, hii ni kazi ya kufumba na kufumbua, magari yatatuua hapa, na nikainama.

Pirika alinidaka kiganja cha mkono. Alinibana kwa mkono ule uliosugua tambi miaka yote hiyo, nikaumia.

"Wifi, mwache."

"Barabarani hapa?"

"Mwache."

Akaniachia, akatoka, akasimama upande wa magari, mgongo ameuelekeza kwenye lami, ili lori likija limkute yeye kwanza. Akafumbata mikono kifuani, kila mkono umeushika mwenzake. Kaka akainua uso, jasho linamtiririka, kamba imemzunguka kidole gumba.

"Mnanisubiri?" akauliza.

"Hatuna haraka," Pirika akamwambia, na mguu wake wa kulia ulikuwa unagonga chini, unagonga, haukomi.